Jirani Yetu Paris Ana Mkono Mrefu

Ndugu zangu wa Tanga wameshakubaliana kwamba mimi naishi Paris. Nikiwaambia hapana, naishi Le Pré-Saint-Gervais, wanadhani naficha utajiri ili nisiombwe ada za shule. Basi leo tuelewane hadharani: Paris ni jirani yangu tu, tena jirani wa aina ile anayeazima kinu na mchi, akarudisha mchi peke yake.

Mji wetu una hekta 70. Kwa hesabu ya wakulima, hizo ni kama ekari 173. Ndani yake tumo watu 17,000 na ushei. Ukipiga hesabu ya kilomita moja ya mraba, unapata watu wapatao 25,000, ilhali Paris yenyewe ni kama 20,000. Yaani dunia nzima inasema Paris imejaa, na sisi tulio nje ya mlango wake tumebanana kuishinda, wala hakuna mtalii anayekuja kutupiga picha.

Shangazi yangu wa Muheza aliwahi kuniuliza kwenye simu shamba langu huku lina ekari ngapi. Nikamwambia, "Shangazi, mji mzima ni ekari 173, na tumo watu elfu kumi na saba." Akanyamaza kidogo. Kwao shamba moja la mkonge lingeumeza mji wetu wote na bado likabaki na nafasi ya kiwanda. Kisha akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu, nauli tutachanga."

Kutanuka hatuwezi. Huku Pantin, kule Les Lilas, na upande wa pili ndiye huyo Paris. Meya akitaka kujenga chochote, lazima kwanza abomoe kingine. Ukimwona mtu anazunguka na gari saa tatu usiku na macho yamemtoka, usimwite polisi. Anatafuta maegesho.

Lakini ufinyu ningeuvumilia. Kinachoniudhi ni mkono mrefu wa jirani. Ulianza zamani. Katika Zama za Kati, maji ya chemchemi za vilima vya huku yalikusanywa na kupelekwa kwa mfereji hadi kwenye mabomba ya mitaa ya Paris. Vibanda vya mawe vya kukagulia mfereji huo vingine vipo hadi leo. Wao walikunywa, sisi tumebaki na vibanda.

Baada ya maji, kikafuata kilima. Tarehe 25 Mei 1913, msoshalisti Jean Jaurès alihutubia umati mkubwa hapa Le Pré-Saint-Gervais, kwenye kilima cha Chapeau-Rouge, akipinga sheria ya kurefusha utumishi wa jeshi hadi miaka mitatu. Hiyo ndiyo siku yetu kubwa katika historia. Haikupita miaka 20, Paris ikaliongezea eneo lake ukanda uliozunguka ngome zake za zamani, na kilima kikaenda nao. Leo ni bustani nzuri sana, yenye nyasi na mandhari, katika wilaya ya 19 ya Paris. Hotuba ni yetu, nyasi ni zao.

Halafu njooni kwenye metro, maana hapa ndipo ninapopandwa na shinikizo la damu. Kuna stesheni inaitwa Pré-Saint-Gervais. Ilifunguliwa mwaka 1911, ina jina letu kwa herufi kubwa, na iko Paris. Mji wetu wenyewe hauna hata stesheni moja ndani ya mipaka yake. Iliyo karibu nasi upande mwingine ni Hoche, ya laini ya 5, nayo iko Pantin. Na Paris inazo za kuchezea! Chini ya ardhi, si mbali na hapa, kuna stesheni inaitwa Haxo. Waliijenga, wakaacha kuiwekea mlango wa kutokea barabarani, na mpaka leo haijawahi kufunguliwa kwa abiria. Si mtupe hiyo? Mlango tutatoboa wenyewe.

Hiyo stesheni yenye jina letu iko kwenye laini ya 7 bis, yenye vitreni vya mabehewa matatu. Mwisho wa laini, reli inapiga duara, na treni hupita upande mmoja tu. Kutoka Place des Fêtes kuja Pré-Saint-Gervais ni kituo kimoja. Kurudi Place des Fêtes, ni mpaka upitie Danube, kisha Botzaris, ndipo ufike ulikotoka. Mgeni akisahau mwavuli wake Place des Fêtes, mimi humshauri anunue mwingine.

Nyumbani nako kuna mambo. Naishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lililoinama. Sheria ya Ufaransa inasema sehemu ya chumba ambayo dari yake haifiki mita 1.80 haihesabiwi katika ukubwa wa nyumba. Kwa hiyo nusu ya chumba changu cha kulala, kisheria, haipo. Lakini vumbi halijasoma sheria, na mimi ndiye ninayeifagia. Mke wangu ameweka huko masanduku ya wageni, na ninapoyaendea hujigonga kichwa kwenye sehemu isiyokuwepo, nikapata nundu iliyopo.

Kuta nazo zinasikia na kusimulia. Jirani akipiga chafya, tunamwombea afya watu wa ghorofa tatu. Mama mmoja mtu mzima anayeishi chini yetu aliwahi kugonga dari kwa mpini wa ufagio nilipokuwa natwanga tangawizi na vitunguu saumu vya pilau ya Jumapili. Kesho yake kwenye lifti kulibandikwa karatasi yenye maneno ya adabu sana, ile adabu ya Kifaransa inayokata kama wembe. Mke wangu akampelekea sahani ya pilau na kachumbari. Karatasi ikabanduliwa. Siku hizi yule mama hugonga dari nikichelewa kutwanga.

Halafu kuna barabara ya mzunguko, périphérique, kilomita 35 za magari zilizokamilika mwaka 1973, zinazotutenga na Paris. Wamepunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, mwaka 2024, na waliozoea kukwama kwenye foleni za jioni wanauliza hizo 50 wataziona lini. Ukiwa ndani ya mzunguko huo, wewe ni Mparisi, una haki ya kununa mgahawani. Ukiwa nje, hata umbali wa kurusha kokoto, rafiki zako wa ndani wanakwambia, "Kwenu mbali, tutakuja siku moja." Mbali! Mtu huyohuyo hupanda ndege kwenda kuogelea Zanzibar na haoni umbali.

Nasikia mnauliza kwa nini sihami. Nihamie wapi? Kodi ya ndani ya Paris inatisha. Halafu huku mwokaji mikate ananijua, mwenye duka ananiwekea bamia, na kila ninayegombana naye naonana naye tena kabla ya magharibi, hivyo ugomvi haulali. Mji mdogo hauna mahali pa kununiana.

Basi wale mnaopanga kuja likizo, sikilizeni. Kwenye bahasha andikeni 93310 Le Pré-Saint-Gervais, msiandike Paris. Jina la stesheni lisiwadanganye: shukeni Hoche, mje kwa miguu. Masanduku yawe madogo. Na tafadhali, mje mmoja mmoja.