Sifa za Mheshimiwa Fangasi

Wengine na wasifu simba na tembo. Mimi namsifu Fangasi, mpangaji wa kudumu katikati ya vidole vya miguu. Hana ubaguzi: mwanafunzi humpa mapunye kichwani, mtoto mchanga humtandazia utandu mweupe ulimini, na mlinzi wa usiku humkuta ndani ya buti zake, soksi zikiwa mbichi kwa jasho.

Kinachomtukuza hasa ni udugu. Bakteria ni mtu baki. Penisilini humbomolea ukuta wake bila kutugusa sisi. Fangasi kwa nasaba yuko karibu na binadamu kuliko mchicha, na seli yake imefanana na yetu mno, hata ampigaye huhofia kumuumiza mgonjwa. Kilichomponza zaidi ni hiki: utando wa seli yetu huimarishwa na kolesteroli, wake na ergosteroli.

Hapo ndipo dawa zinapomvizia. Terbinafini hukatiza utengenezaji wa ergosteroli mapema. Klotrimazoli na flukonazoli hukizuia kimeng'enya cha hatua za mbele, utando ukaanza kuvuja kama paa la makuti makuukuu. Lakini Mheshimiwa mara nyingi hafi hapo; hudumaa tu, akingoja. Amfoterisini B, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa bonde la Orinoco, Venezuela, haina subira: huishika ergosteroli yenyewe, utando ukatoboka, potasiamu ikamwagika nje. Hata hivyo damu nzito kuliko maji: dawa hiyo huigusa kolesteroli pia, na figo za mgonjwa huonja kipigo cha ndugu yake.

Nasi hatumtupi. Mwasho ukikoma siku ya tatu, tunaifunika tyubu na kuisahau. Wengine humpaka krimu ya steroidi: mwasho unatulia, choa kinafifia, naye anatanuka kwa raha zake. Kwa malezi haya ukoo wake haukosi wasomi. Candida auris, aliyetangazwa Japani mwaka 2009, kwa kawaida hasikii flukonazoli; mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likamtunuku nafasi katika kundi la fangasi wa hatari zaidi.

Basi anayemwonea wivu kwa sifa hizi afanye haya: amalize dozi hata kama hajikuni tena, akaushe vidole kabla ya kuvaa viatu, na asipake steroidi kabla hajapimwa.