Gari Lililoamua Kwenda Kushoto

Pipa la taka la jirani lilikuwa bado linabingirika pale mwenye gari alipochomoza kichwa na kutangaza kwa sauti nzito: "Breki ni nzima!" Hakuna aliyemuuliza habari za breki. Jirani, bibi mwenye kikombe cha chai mkononi, aliyatazama maganda ya viazi juu ya boneti, akarudi ndani.

Gari ni la kujiundia nyumbani, huko Uingereza, ukoo wa Lotus Seven iliyotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Seven hiyo iliuzwa vipande vipande ili mnunuzi aepuke kodi. Maelekezo ya kuiunganisha yakiwa mwiko, inasimuliwa kwamba kampuni ilitoa maelekezo ya kuifungua, mnunuzi ajisomee kuanzia mwisho.

Mwenye gari letu alisoma kuanzia katikati. Alitaka magurudumu ya mbele yainamie ndani zaidi kwenye kona, basi akakata mabano ya mkono wa juu na kuyachomelea milimita 20 chini. Tairodi hakuigusa.

Hapo ndipo penye utamu. Gurudumu halipandi wima kama ndoo kisimani. Limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mmoja huzunguka kwenye bushi zake kama mlango kwenye bawaba. Irefushe mistari ya mikono hiyo kwa penseli kuelekea ndani ya gari, itakutana mahali fulani hewani. Tairodi, inayotoka kwenye reki ya usukani, nayo inapaswa kuelekea mahali hapo hapo. Hamisha bano moja, makutano yanahama, tairodi inabaki kuchungulia yalipokuwa zamani. Gurudumu likipanda, mikono inalivuta ndani. Tairodi inagoma, inaisukuma pua ya tairi nje. Aliyaona haya baada ya kutoa springi, kufunga ubao kwenye rimu na kuinua gurudumu kwa jeki, usukani umefungwa kamba. Kila likipanda milimita 25, ncha ya ubao iligeuka milimita 4. Alirudia mara kumi na moja, chakula kikapoa, kwa kuwa tu inapendeza kutazama.

Matuta ya mtaani kwake hayakatizi barabara nzima. Siku ya pipa, gurudumu la kushoto peke yake ndilo lililopanda, likageuka kushoto, na gari likalifuata.

Ili tairodi ielekee makutano mapya, reki ikashushwa milimita 8. Wiki iliyofuata nati ya boljointi, kiungo cha gurudumu, ilidondoka, kwa bahati gari likiwa limeegeshwa.

Kisha wakaguzi wa magari ya kujiundia wakalikataa: usukani haurudi katikati wenyewe. Haki yao. Lakini wakaongeza kwamba nati moja ya mbele ina ukingo mkali unaoweza kumjeruhi mpita njia. Jigari la kiwandani la tani mbili, ambalo pua yake inamfikia mtoto usoni, linapita hapo nje na karatasi zake safi. Yeye anapimiwa nati! Hilo halimchekeshi hata leo.

Amenunua vifuniko vya plastiki vya nati. Ada ya kurudia ukaguzi ameshalipa. Pipa la jirani, bado.