Bibi Hana Kompyuta: Mwongozo wa Kuhamisha Slaidi Hadi Kwenye Deki

Kwanza, acha kumwambia bibi kwamba picha za arusi ziko kwenye laptopu. Bibi hana laptopu. Ana simu ya kitochi, ana TV ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake ana deki ya DVD ambayo rimoti yake ameivisha mfuko wa nailoni isiingie vumbi. Arusi mmeifanyia Dar es Salaam, miguu yake haikumruhusu kusafiri, nawe umekesha ukipanga slaidi 64 na muziki juu yake. Sasa zinatakiwa zifike kwenye kile kioo, kule Lushoto, na deki ile haina huruma na mtu aliyeruka hatua.

Faili la slaidi si filamu. Likariri hilo kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Mimi nilimlipa kijana mmoja wa stesheneri anichomee diski. Alichukua faili la PowerPoint akalibandika kwenye diski kama lilivyo, kisha akaandika majina ya maharusi juu yake kwa mwandiko mzuri sana. Nikapanda basi, nikashuka Mombo, nikapanda milima. Ukoo umejaa sebuleni, watoto wamekaa mkekani, chai imemiminwa. Deki ikaimeza diski, ikaunguruma, ikaitapika. Tukairudisha, ikaitapika tena. Bibi akasema, "Si neno, mjukuu wangu, utanisimulia." Nilimsimulia hadi usiku, lakini bibi alitaka kuona.

Deki ya DVD haijawahi kusikia habari za PowerPoint. Yenyewe hutafuta folda moja tu, iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB na IFO. Picha zake ziwe za MPEG-2, na kwa Tanzania na Kenya, ambako TV zetu ni za mfumo wa PAL, ziwe na ukubwa wa 720 kwa 576 na kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Ukiletewa diski, ifungue kwenye kompyuta kabla hujalipa. Ukikuta ndani faili moja lenye jina la PPTX, mrudishie fundi diski yake.

Lakini usikimbilie kuchoma. Slaidi zenyewe zinahitaji kunyolewa kwanza. PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 ilikuwa ya kompyuta za Macintosh, na kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za projekta kwa ajili ya mikutano ya ofisini. Haikufikiria sebule. Kwa hiyo zile herufi zinazoruka kama panzi, zile picha zinazoingia zikijiviringisha kama chapati, zile orodha zenye vidoti saba, zote ziondoe. Bibi anataka kuona uso wa mjukuu wake umetulia. Kila picha ipe sekunde nane, na ile ya familia nzima ipe kumi na tano, maana lazima atataja kila aliyesimama pale, na ataanza na waliotangulia mbele ya haki.

Halafu kuna kingo. Hapa ndipo pana maumivu mengi kuliko mahali pengine pote. TV ya chogo hula pembezoni mwa picha pande zote nne. Kwenye laptopu unaona shangazi amesimama kushoto kabisa na kitenge chake. Kwenye TV shangazi hayupo, na shangazi akitazama arusi asijione, utaitwa kikaoni. Acha asilimia 10 ya nafasi kila upande bila sura wala maandishi. Maandishi yawe makubwa, yasomeke na mtu aliyekaa mita tatu bila miwani. Mistari myembamba ya mlalo iondoe, kwa sababu TV hizo huchora kwanza mistari yote ya witiri, kisha ya shufwa, na mstari mwembamba ukiangukia zamu moja tu hutetemeka bila kukoma. Na rangi nyekundu iliyokolea usiitumie kwa maandishi: kwenye chogo huvuja nje ya herufi kama rangi ya khanga isiyotulia. Nyeupe juu ya buluu iliyoiva inatosha.

Umbo nalo liangalie. Tangu toleo la 2013, PowerPoint hufungua slaidi pana za 16:9, wakati chogo ni 4:3. Badilisha umbo kabla hujaanza kupanga picha. Ukisubiri hadi mwisho, utazipanga upya zote 64.

Kuzigeuza kuwa filamu ni kazi fupi. Kuanzia toleo la 2013, PowerPoint yenyewe huhifadhi slaidi kama video ya MP4, pamoja na muziki na muda uliopanga. Ile ya 2010 hutoa WMV, nayo inafaa. Ichukue video hiyo uitie kwenye DVDStyler, programu isiyolipiwa, chagua PAL, chagua 4:3, nayo itakutengenezea VIDEO_TS. Menyu yenye vitufe kumi usiiweke. Diski ikiingia, arusi ianze.

Nunua DVD-R. Ilitangulia kutoka, mwaka 1997, miaka mitano kabla ya DVD+R, na deki za zamani huisoma kwa wepesi zaidi. Inabeba GB 4.7, kwa hiyo onyesho la dakika 20 halijazi hata theluthi yake. Usibane ubora kana kwamba unalipia kwa kilo. Mimi huchoma kwa kasi ya 4x, na hata diski iliyojaa huchukua kama dakika 14 tu. Hakikisha programu inaifunga diski mwishoni, kwani diski isiyofungwa husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki nyingi. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo umeshaipoteza. Jina liandike juu kwa kalamu laini ya wino. Karatasi ya gundi usibandike, hubanduka kwa joto la deki na kuitikisa diski inapozunguka.

Choma mbili. Ya kwanza ijaribu kwenye deki ya jirani, tena ile kuukuu kuliko zote mtaani, toka mwanzo hadi mwisho. Diski ya pili iweke kwenye begi jingine.

Niliporudi Lushoto na diski iliyochomwa hivi, bibi alisimamisha picha ya tisa kwa rimoti yake ya nailoni, akasogea karibu na kioo na kumshika bibi harusi shavu.

Basi kabla hujaenda dukani, mpigie bibi. Mwamkie, umsikilize habari za mvua na za ng'ombe, kisha mwombe amwite mtoto aliye karibu amsomee maandishi yaliyo usoni mwa deki. Kama pana neno DVD, fuata haya yote. Kama ni VCD peke yake, nunua CD tupu na umwambie fundi aichome kwa mfumo wa VCD, yaani MPEG-1 ya 352 kwa 288. Picha itapungua ung'avu, lakini shangazi ataonekana.