Kasi ya Foleni

Toyota GR Yaris ni gari dogo lenye hasira kubwa. Injini ya lita 1.6, silinda tatu tu, lakini turbo yake hulifikisha kilomita 100 kwa saa kabla sekunde 6 hazijatimia. Kwenye toleo lake la kwanza, ukizungusha swichi ya spoti, asilimia 70 ya nguvu huenda magurudumu ya nyuma. Wahandisi walifikiria kila kitu, isipokuwa Bujumbura.

Hapa gari huendeshwa hivi: jioni unalipanga foleni kwenye kituo cha mafuta, unafunga vioo, unalala humo humo. Alfajiri unashuka na kulisukuma hatua chache. Hapo magurudumu yote manne hupata nguvu sawasawa, hata swichi iwe imeelekea wapi. Breki nazisifu: hazichoki kabisa. Burundi haina dola za kuagizia mafuta, kwa hiyo mji hauna esansi. Wenye haraka hufuata madumu ya mafuta Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo.

Wapenzi wa mwendo watasema mahali pa gari hili ni barabara ya Bugarama, kona juu ya kona, toka Ziwa Tanganyika hadi zaidi ya mita 2,000. Kweli. Ila huko mabingwa ni vijana wa baiskeli: huteremka na mikungu ya ndizi kama mishale, wakipanda hujishika nyuma ya lori. Turbo hawana, na foleni hawaijui.

Ukiletewa hilo gari ulinunue, ndugu yangu, uliza kwanza kama linauzwa pamoja na tangi lililojaa.