Saruji Ileile, Bei Mbalimbali
Jijini Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu Masaki na pacha yake ya Manzese huweza kujengwa kwa saruji ileile na fundi yuleyule, ila mthamini huuliza mtaa kabla ya kugusa mlango. Wakoloni waliwatengea Wazungu Oysterbay, penye upepo wa bahari, na Waafrika Kariakoo. Utengano huo ulifutwa kisheria, bei ikabaki kulinda mpaka. Mthamini hulinganisha na mauzo ya jirani, huongeza kwa lami, hupunguza kwa mafuriko. Dalali ana kanuni nyepesi zaidi: kiwanja cha Goba kiko “hapo tu Mbezi Beach”, bonde la Msimbazi lina “mandhari ya mto”, na barabara isiyochongwa “iko kwenye mpango”. Hela ya kupelekwa saiti, kwa mtaa wowote, hairudishwi.