Makufuli Matatu

Kikoba chetu cha Mikumi kina sanduku moja la bati, makufuli matatu na kina mama watatu wenye funguo. Juzi mmoja alikuwa msibani Kilosa, ufunguo mkobani. Mkopo haukutoka. Nyanya za mkopaji zikalainika kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita tu.

Nikaikumbuka Ulaya ya 2010. Ugiriki inaungua kwa madeni, sarafu iko Benki Kuu ya Ulaya, Frankfurt, bajeti ziko kwa kila hazina na ufunguo wake, na kila mmoja yuko msibani kwao. Mwaka 2012 Mario Draghi, rais wa benki hiyo, akaapa kuiokoa euro kwa lolote lile. Masoko yakatulia kwa kiapo tu. Mpango wa kununua hatifungani uliofuata haukutumika hata siku moja.

Nasi tumo. Novemba 30, 2013, Kampala, wakuu wa Afrika Mashariki walisaini itifaki: sarafu moja ifikapo 2024, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Hiyo 3 ni mtumba wa Maastricht, mkataba wa Ulaya, haujapigwa hata pasi. Sasa tunaambiwa 2031.

Kikobani, anayechelewa husikia, “Elfu moja mezani kwanza, mwanangu, ndipo uketi.”