Ruta, Mama Mkwe na Jirani

Kila baada ya magharibi, simu ya Salma kutoka Muscat ilikuwa ikikwama. Uso wake unaganda kwenye skrini, sauti inapotea, mama mkwe anabaki akiita, “Salma! Salma mjukuu wangu!” Baba Salma akataka kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Shemeji Hamisi akamzuia: “Subiri kaka, tuone kwanza nani wamo kwenye mtandao wetu.”

Akaandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta, ukurasa wa ruta ukatokea. Jina admin, nywila admin, akaingia. Fundi aliyetufungia aliiacha vilevile ilivyotoka kiwandani, na hilo liliniuma kuliko simu ngeni tulizozikuta kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila za aina hiyo tu. Mwenye kuushika ukurasa ule ameshika nyumba nzima, hata kama nywila ya waifai ni ngumu namna gani.

Hamisi akabadilisha nywila zote mbili, ya ukurasa na ya waifai. Akazima na WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, maana tangu 2011 inajulikana kuwa PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Kisha akachagua WPA3, ulinzi wa waifai mpya kuliko WPA2.

Papo hapo nyumba ikapiga kelele. Darsa ya mtandaoni ya mama mkwe ikakatika katikati ya dua, televisheni ikanyamaza. Nywila mpya ikavirudisha vifaa vyote isipokuwa kamera ya getini, ya zamani, isiyoijua WPA3. Ikabidi Hamisi aweke mseto wa WPA2 na WPA3.

Hatujatulia, hodi! Mama Zuhura wa jirani: “Mwenzangu, mtandao umekufa?” Kumbe wanawe walikuwa wakiutumia siku zote. Baba Salma akakunja uso, lakini mama mkwe akasema jirani hafukuzwi mlangoni kwake. Nami nilikuwa upande wake. Hamisi akafungua mtandao wa wageni, wenye nywila yake na kasi yenye kikomo, usioiona kamera wala kompyuta zetu. Salma sasa anaongea na bibi yake mpaka anamaliza.

Nawe msomaji, fungua ukurasa wa ruta yako leo. Ikikubali admin kwa admin, badilisha nywila hiyo kabla hujalala.